Gari Lililopimwa kwa Mguu Wangu

Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani tangu asubuhi lina harufu yake, na aliyewahi kuingia ndani yake adhuhuri ya mwezi wa pili haisahau. Ni harufu ya plastiki iliyopata moto, ya vumbi lililolala ndani ya viti, ya dizeli kidogo na ya jasho la watu usiowajua. Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na mitano niliivuta harufu hiyo ndani ya magari matatu ya watu watatu, kwa Jumamosi tatu zilizofuatana, kwa sababu Baba alikuwa akitafuta pikapu kubwa ya kununua. Kila safari alituchukua sote wanne, tumeoga na kuvaa nguo za kwendea kanisani, kana kwamba tunakwenda kuposa.

Nyumbani kwetu ni upande wa Magarini, kwenye njia inayoelekea Adu, katika ardhi nyekundu inayoshika nguo nyeupe na haitoki kwa sabuni yoyote. Tulikuwa tukilima mananasi. Mama alikuwa amefariki miaka minne nyuma, siku chache baada ya kumzaa Kazungu, kitinda mimba wetu. Basi tulibaki na Baba: mimi Sidi, kifungua mimba; Karisa wa miaka kumi na mmoja; Dama wa minane; na huyo Kazungu, ambaye wakati huo alikuwa bado anaamini kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Mananasi yetu yalichukuliwa na gari la watu. Lilikuja lilipopenda, na lisipokuja kwa siku mbili tatu tuliyakuta yamelainika chini, nyuki wameyazunguka, na utamu wote unanuka pombe. Kwa hiyo Baba aliposema anauza ng'ombe ili anunue gari, hakuna aliyeshangaa. Kilichotushangaza ni namna alivyolichagua.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza aliinua boneti, akamsikiliza mwenye gari akisifu, akaitikia kwa kichwa. Kisha akatuambia tuingie. Wadogo watatu walikaa nyuma, kama kulikuwa na nyuma, naye akafunga milango, akasimama nje akiwatazama kupitia kioo. Alitaka kuona kama Kazungu anaweza kufungua mlango akiwa ndani. Alitaka kuona kama mkanda unamshika mtoto wa miaka minne begani au unamkaba shingoni. Baada ya hapo alinigeukia mimi, akaniambia niketi mbele ya usukani. "Kanyaga klachi," alisema. "Mpaka chini. Usinyooshe kidole tu, kanyaga kwa wayo." Mimi nilidhani ni mchezo, au kwamba ananipa heshima ya ukubwa mbele ya wadogo zangu, nikakanyaga kwa fahari.

Gari la kwanza lilikuwa Mtwapa, refu, jeusi, lenye milango minne na magurudumu yaliyonifika kiunoni. Lilikuwa zuri mno. Wapita njia walisimama kulitazama. Mwenye gari, mtu mnene mcheshi, aliniangalia nikijivuta ukingoni mwa kiti ili ncha ya kiatu iguse klachi, akamgeukia Baba. "Mzee, unanunua gari au unampimia binti nguo?"

"Nampima vyote viwili," Baba alijibu, wala hakucheka. Akaniambia nishuke. Tukarudi nyumbani bila gari, na Karisa alilia njia nzima.

Jumamosi ya pili tulikwenda Junju, kwa mkulima aliyekuwa na pikapu ya milango miwili, yenye bodi ndefu ya mizigo. Klachi yake mguu wangu uliifikia vizuri. Mkulima alipiga ubavu wa gari kwa kiganja kama mtu anayemsifu fahali wake, akasema litabeba mananasi ya shamba zima, na watoto watakaa juu ya mananasi wapigwe na upepo, raha mustarehe. Dama alipiga makofi. Hakuna alichokitamani kuliko kukaa huko nyuma, nywele zikipeperuka.

"Nanasi likidondoka njiani huokotwa," Baba alisema. "Mtoto haokotwi." Akamshukuru yule mkulima, akaagana naye.

La tatu tulilipata Malindi, kwa Bwana Akbar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye babu zake walikuja pwani hii kutoka Bara Hindi, na Kiswahili chake kilikuwa fasaha kuliko cha mwalimu wangu. Lilikuwa na milango minne, jeupe, ila mlango mmoja ulikuwa wa kijivu kwa sababu ulitoka kwenye gari jingine. Lilikuwa limechoka. "Gari hili limebeba saruji miaka mingi, Mzee wangu," alisema Bwana Akbar, "lakini halijapata kunibebea aibu." Wadogo zangu waliingia nyuma, mikanda ikashika, mlango ukakataa kufunguka kwa ndani. Mimi niliketi mbele na mguu haukufika. Nikajiandaa kushuka. Lakini Baba hakuniambia nishuke. Aliinama, akapapasa chini ya kiti, akauliza kama kinaweza kusogezwa mbele. Reli ilikuwa imeshika kutu. Bwana Akbar alimwita fundi wake, ikapigwa nyundo na kumwagiwa oili, kiti kikasogea kwa kelele, na hapo hapo kikakwama tena.

"Sasa, Mzee, wewe u mrefu," Bwana Akbar alisema. "Hapo magoti yatakupiga kidevuni."

"Magoti yangu yaache," Baba alisema. "Sidi, kanyaga."

Nilikanyaga. Klachi ilishuka mpaka chini. Baba alisimama ameshika mlango ule wa kijivu, akafumba macho kidogo, kama mtu aliyetua mzigo, akasema, "Hili."

Aliliendesha hivyo hivyo mpaka nyumbani, magoti yamekunjwa, mikono imebanana na tumbo, nasi tunamcheka. Karisa alimwita panzi. Baba naye alicheka, ila kicheko chake kilikatika katikati akashika ubavu, na mimi niliyekuwa kando yake niliona nikadhani ni hicho kicheko. Yapo mengi niliyoyaona mwaka ule nikayadhania mengine. Niliona mshipi wake umetobolewa matundu mapya mawili kwa msumari. Niliona anaegemea boneti akiongea na watu, yeye ambaye hakuwa mtu wa kuegemea. Aliniambia anakwenda Malindi kutafuta vipuri, akarudi jioni bila vipuri, ana karatasi iliyokunjwa mara nne katika mfuko wa shati. Wala sikuuliza. Mtoto hajui kwamba mzazi ni mwili.

Alianza kunifundisha wiki ile ile, katika njia ya shambani katikati ya mananasi. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na mimi nilikunjwa kweli. Alikaa kando yangu na mto mdogo amejifunga tumboni kwa kanga kuukuu ya Mama, nikidhani anaogopa mishtuko ya uendeshaji wangu. Alinifundisha kurudi nyuma na mzigo mzima. Alinifundisha kubadili gurudumu mwenyewe, na kuketi kimya dakika nzima kabla ya kuwasha, nikihesabu vichwa vya nyuma: mmoja, wawili, watatu. Alinipeleka sokoni akaniacha nibishane na wanunuzi huku yeye amekaa garini, na nilipogeuka kutafuta msaada alitazama upande mwingine. Nami nilifurahi. Naomba nieleweke hapa, kwa sababu ndipo panaponiuma. Sijapata kuwa na furaha kama ya mwaka ule. Wenzangu shuleni walijua kusuka na kukaanga samaki, mimi nilijua gia nne. Niliringa. Nilikuwa nikijifunza kumzika baba yangu, na niliringa.

Aliishi karibu miaka miwili baada ya siku ile ya Bwana Akbar. Alifariki hospitalini Kilifi, nikiwa na miaka kumi na saba na katika kidato cha tatu. Tulimleta nyumbani, akazikwa kando ya Mama, watu wakakaa matanga. Asubuhi matanga yalipoanuliwa, wakubwa walikaa katika banda la makuti kuzungumza kuhusu watoto. Ndivyo ilivyo kwetu, na si kwa ubaya: watoto wa marehemu hawaachwi wakae kama vifaranga wasio na mama, kila ndugu huchukua anayemweza. Mimi nilikuwa nikipitisha chai. Nilimsikia Shangazi, dada yake Baba, akisema atamchukua Kazungu kwa kuwa bado ni mdogo. Karisa atakwenda Rabai kwa Baba Mkubwa, akasomee huko. Dama ana mikono mizuri ya kazi, kuna binamu Mombasa anayemhitaji. Na Sidi atakaa na Shangazi, amalize shule. Yalikuwa maneno ya busara, yakisemwa kwa sauti ya upole, na kila neno lilikuwa likimtoa mmoja wetu nyumbani. Niliweka birika chini, nikasikiliza.

Ndipo Baba Mkubwa, kaka yake Baba, aliposafisha koo. "Marehemu aliniachia neno," alisema. "Aliniambia, watoto wangu wasigawanywe. Nikamwambia, ndugu yangu, nani atawalea? Akaniambia, shamba lipo, gari lipo na dereva yupo. Gari lile nililipima kwa mguu wa Sidi."

Watu wote walinigeukia. Nadhani walitazama miguu yangu. Nami ndipo nilipokumbuka zile Jumamosi tatu, moja baada ya nyingine, na nikaona kwamba Baba alipokuwa akizunguka magari yale alijua kila kitu tayari. Hakuwa akichagua gari atakaloliendesha. Alikuwa akiwachagulia watoto wake dereva, na kiti alikisogeza mbele kwa sababu alijua magoti yake hayatakaa hapo sana.

"Na shule yake?" Shangazi aliuliza.

Nimemkumbuka Shangazi kwa swali hilo maisha yangu yote. Dakika moja kabla ya hapo nilikuwa nikimwona adui, mwizi wa ndugu zangu, kumbe katika banda lile zima, pamoja na marehemu mwenyewe, ni yeye peke yake aliyeikumbuka shule yangu. Baba Mkubwa aliinama kidogo, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, utaweza?" Nilimtazama Kazungu. Alikuwa amelala juu ya mkeka, mdomo wazi. Nikasema, "Nitaweza."

Niliweza. Jirani yetu aliliendesha gari barabara kuu kwa miezi kadhaa hadi nilipofikisha umri wa leseni, mimi nikibaki na njia za shambani, na baada ya hapo sikumpa mtu usukani. Vitabu vyangu vya kidato cha tatu alivimaliza Karisa, akiandika kuanzia pale nilipoachia. Mwalimu wangu wa jiografia alikuja nyumbani mara mbili. Mara ya pili alinikuta chini ya gari, nikatoka na mikono yenye grisi, tukasalimiana, akaona aibu kusema alilojia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wengi walinipita barabarani wakisema msichana yule ana bahati, ana gari. Ukubwa ni jaa, nao wahenga hawakukosea. Lakini tulilala chini ya paa moja, wanne, mpaka wa mwisho alipokua. Hilo Baba alilitaka, na hilo alilipata. Huwa najiuliza jambo moja tu. Aliuliza mguu wangu, ukamjibu. Mbona hakuniuliza mimi? Ningemwambia ndiyo. Nina hakika ningemwambia ndiyo, na ndiyo ile ingekuwa yangu.

Mwezi uliopita Karisa alinipigia simu kutoka Kilifi, ambako sasa ni muuguzi. Anataka pikapu, ana watoto watatu, na mkewe anafuga kuku wa kuuza. "Dada, wewe ndiye dereva wa ukoo," aliniambia, "njoo unitazamie, hawa wauza magari watanipiga chenga." Nikaenda. Magari ya siku hizi si yale. Yana mikanda kila kiti, vitasa vya nyuma vinafungwa kwa kubonyeza, na ukirudi nyuma unaonyeshwa picha ya kilichopo. Karisa aliuliza kuhusu kila kitu. Alivuta mikanda, akapiga magoti kutazama chini, akauliza maswali mpaka muuzaji akatafuta kiti akakaa. Hatimaye akaja niliposimama. "Lipi, Dada?"

"Lile utakaloliendesha mwenyewe mpaka wakue," nilimwambia.

Alinitazama, akataka kutania, akaacha. Alikuwa na miaka kumi na mmoja Jumamosi zile, na pengine alijua zaidi ya nilivyodhani. Alinishika bega, kisha akarudi kwa muuzaji.

Kifungua mimba wake ni msichana, anaitwa Mbodze, ana miaka kumi na miwili. Muda wote huo alikuwa amekaa kiti cha nyuma cha mojawapo ya magari yale na wadogo zake, ameegemeza kichwa kwenye kioo, amechoka na shughuli hizi za wakubwa. Hakuna aliyemwita aje mbele. Alishusha kioo akaniuliza, "Shangazi, bado tu? Mimi nina njaa." Nikamwambia bado kidogo. Akapiga miayo, akapandisha kioo, na mimi nikabaki pale juani nikimtazama.