Matanga ya Kazi ya Abdulhamidu

Bi Shufaa Mfaume wa Kilindoni ni mpishi wa shughuli, na mimi simpendi. Nalisema mapema msije mkadhani nimekaa hapa kumsifu. Mkono wake kwenye biriani sina neno nao. Ugomvi wetu ni kwamba ananiibia wachezaji.

Baraza letu lipo mkabala na duka la mafuta ya taa, na mchezo wetu ni dhumna. Dhumna inataka watu wanne. Mimi, Kheri na Haruni tupo daima, maana kazi zetu ziliisha zamani na hakuna anayetuuliza. Wa nne ndiye hatumpati. Kila mtu akiachishwa kazi hapa mjini tunamchangamkia, tunampangusia vumbi pa kukaa, tunammiminia kahawa, na kabla kikombe hakijapoa Bi Shufaa keshamchukua.

Namna anavyomchukua ndiyo inayonikera zaidi. Huweka matanga.

Si matanga ya mtu, mtu yu hai. Ni matanga ya kazi. Habari ikitoka tu, Bi Shufaa hujitanda kanga, hubeba sufuria lake, akaenda nyumbani kwa aliyeachishwa na kutandika majamvi uani. "Mtu akifiwa na mke tunakwenda siku hiyohiyo," husema. "Akifiwa na kazi tunamwacha ndani peke yake mpaka aoze. Kwa nini?" Basi hupika, watu huja kuhani, na kila anayeingia husimuliwa habari za marehemu: ilikuwa kazi gani, mfiwa aliifanyaje, na mikono yake inajua nini kingine. Ubani wa fedha haupokei. Ubani wake ni umtaje mtu unayemjua anayetafuta mfanyakazi. Usipomtaja, ubwabwa utausikia harufu tu. Siku ya tatu matanga yanaondolewa, mfiwa anaoga, anavaa shati safi, na Bi Shufaa anampeleka kwa wote waliotajwa, mlango kwa mlango.

Mwalimu wa madrasa alipata kumkanya kwamba kazi haisomewi hitima. Akajibiwa kuwa hapa hapasomwi kitu, hapa panapikwa. Mwalimu akakaa, akala, akamtaja shemeji yake anayetafuta mtu wa kuezeka makuti.

Mwaka huu ikawa zamu ya Abdulhamidu. Alikuwa akiwajazia wazamiaji mitungi ya hewa katika hoteli moja kule Ghuba ya Chole, akiangalia na pampu na jenereta yao. Hoteli ikafungwa, wenyewe wakaondoka. Mkewe Warda ana mimba kubwa. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi, maana kijana yule ana mkono mzuri sana wa dhumna. Nilimsubiri njiani.

"Pole, ndugu yangu," nikamwambia. "Njoo upumzike wiki moja barazani, akili itulie. Nitakuachia hata nguzo yangu uegemee."

"Wiki moja tu," akasema.

"Wiki moja tu," nikamwitikia. Maneno hayohayo mimi niliambiwa na Kheri, na sijui ile wiki yangu iliishia wapi.

Warda aliposikia habari za wiki moja hakubishana naye. Alivaa baibui, akaenda moja kwa moja kwa Bi Shufaa.

"Shikamoo, Bi. Mume wangu kaachishwa kazi, na sasa kaachiwa nguzo ya Ukasha."

"Nguzo ya Ukasha!" Bi Shufaa akaangusha mwiko. "Mwanangu, mbona umechelewa? Akishaiegemea ile humtoi tena, labda ubomoe baraza."

Adhuhuri majamvi yalikuwa yametandikwa. Bi Shufaa akamtuma kijana wa bodaboda apite Kirongwe na kuwaambia watu waje, Abdulhamidu kafiwa na kazi. Kirongwe maneno yalifika mazima. Kutoka Kirongwe kwenda Kanga sijui yaligonga shimo gani, kwa sababu watu wa Kanga walipokea kwamba Abdulhamidu kafia kazini.

Kesho yake likaja lori zima. Wanaume na kofia zao, wanawake wameanza kulia tangu njia panda, nazi, mbuzi mmoja, na sanda. Wa kwanza kuruka chini alikuwa Mansuri, mwenye mashine ya kukamua mafuta ya nazi kule Kanga. Alijitupa jamvini macho mekundu, hata kumsalimu mtu hakuweza.

"Nilikuwa nimfuate wiki hii!" akalia. "Mashine yangu imezima, mafundi wote wameishindwa. Nikasema hakuna wa kuiweza ila Abdulhamidu. Nilitaka nimkabidhi kabisa, aisimamie, awe mtu wangu. Sasa kaniacha na nani mie?"

Sisi wa Kilindoni tukatazamana. Kheri akafungua mdomo amweleze, Bi Shufaa akamkanyaga mguu. Kisha akainama kwa Mansuri, sauti ya upole ambayo mimi sijawahi kuisikia.

"Hayo unayasema kwa uchungu tu, mwanangu, au unayasema kweli?"

"Wallahi kweli! Angekuwa hai angeanza kesho!"

"Mmesikia?" Bi Shufaa akawauliza watu.

"Tumesikia," wakaitikia wote, na mwalimu wa madrasa akiwemo.

"Abdulhamidu! Hebu toka umsalimie tajiri wako."

Abdulhamidu akatoka jikoni na sinia la ubwabwa, punje za wali zimemganda kidevuni. "Assalaam alaykum," akasema.

Wanawake wa Kanga walirudi kwenye lori kwa namna ambayo sikujua wanawake wa umri ule wanaiweza. Mbuzi akakata kamba. Mansuri akapiga shahada, akarudi nyuma kwa makalio mpaka ukutani, akamkodolea macho yule marehemu kwa muda mrefu.

"Maiti hali wali," akasema mwishowe, polepole, kama mtu anayejikumbusha. Kisha akamrukia, akamkumbatia na sinia lake, na ubwabwa ukawamwagikia wote wawili.

Kiapo ni kiapo. Abdulhamidu alianza kazi Kanga kabla hata matanga yake hayajaondolewa. Sanda wanachujia mafuta ya nazi, na anayeifua ni yeye mwenyewe.

Mimi nikarudi barazani. Tulikuwa watatu vilevile. Nilipotaka kuiegemea nguzo yangu nikaona mahali mgongo wangu unapokaa rangi imetoka yote, pamebaki alama nyeusi ya umbo langu. Iliniuma. Nilikuwa fundi wa mashine ya barafu, na nilikuwa fundi mzuri, wavuvi wote walinijua kwa jina. Kazi ile ilipokufa hakuna aliyekuja kwangu, hata na kikombe cha chai.

Jana nikaenda kwa Bi Shufaa. Nilimkuta amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Kama umekuja kudai wa nne wako, sina."

"Nimefiwa."

Mkono ukasimama. "Na nani?"

"Na kazi yangu. Ile ya barafu."

"Lini?"

"Mwaka ule Warda alipoanza darasa la kwanza."

"Inna lillahi!" Bi Shufaa akashika kichwa kwa mikono miwili iliyojaa nazi. "Ukasha! Muda wote huo unatembea na maiti?"

Nikacheka, na hapohapo machozi yakanitoka. Nilijaribu kuyasingizia moshi, lakini jiko lilikuwa bado halijawashwa. Bi Shufaa alinyanyuka, akajitanda kanga yake, nazi zikiwa bado nyweleni, akaniambia nishike upande wa pili wa sufuria.

"Twende kwako," akasema. "Njiani unisimulie. Marehemu alikuwaje?"