Ruda na Mnanaa wa Ña Deolinda

Ukitaka kumuudhi Ña Deolinda, mwambie kwamba jani ni jani tu. Miaka thelathini na minane alikaa na kinu chake kwenye kona ya soko la Guarambaré, akiwapondea watu majani ya kutia kwenye tereré, chai yao ya maji baridi, na katika miaka hiyo yote hakutokea mtu wa kumfundisha chochote kuhusu mimea. Alikuwa hafundishiki. Watu walilisema hilo wazi, na wengi walilisema kwa kumsifu.

Mnanaa kwake ulikuwa kama mgeni mlafi. Unataka maji asubuhi na jioni, unataka kivuli cha mchana na samadi iliyooza vizuri, na ukishaupa hayo yote bado utatambaa kwenda kudokoa kwa jirani. Lakini ukiukata leo, baada ya siku chache umechipua tena, na ndio uliomweka mjini. Januari, jua linapowaka, hapiti dereva wala mwalimu asiyetaka mnanaa kwenye maji yake ya barafu.

Ruda, kile kichaka cha majani machungu, ni mwana wa mama mwingine kabisa. Yenyewe inataka jua la kutwa, udongo wa kokoto, na kuachwa na yake. Maji uipe mara moja kwa wiki, na wakati wa baridi hata hayo uyasahau. Ukiihamisha inanuna, ukiidekeza inakufa. Harufu yake inamkimbiza hata mbuzi, na hainywewi ovyo. Ila tarehe mosi Agosti, kabla mtu hajatia kitu tumboni, kila nyumba hunywa mafunda matatu ya caña, pombe kali ya miwa, iliyolowekwa ruda na limau, maana Agosti ni mwezi unaowachukua wazee na ng'ombe waliokonda. Na mwaka mzima ruda husimama karibu na mlango ikilinda nyumba. Akiingia mwenye kijicho, ruda hulipokea lile jicho yenyewe, ikanyauka. Hayo Ña Deolinda aliyaamini kuliko alivyoamini mahubiri ya padri.

Ruda yake ilimfika kifuani. Chipukizi lake aliliiba kwa jirani alipokuwa bi harusi, kwa sababu ruda ya kuomba haishiki.

Mwanawe wa pekee, Eladio, alioa binti wa huko Ñeembucú kwenye mabwawa, jina lake Zulma. Alipopata kazi ya uashi Buenos Aires aliona bora mkewe na mtoto wao Noelia, wa miaka minne, wakae na mama yake. Akawajengea chumba kando ya jiko, palepale palipokuwa na tuta la mnanaa. Ña Deolinda hakumkatalia mwanawe. Aliung'oa mnanaa wote kwa siku moja, huku akibamiza jembe kwa hasira, akaupanda upya upande wa juu wa mteremko, karibu na bomba. Hatua nne chini ya hapo ndipo iliposimama ruda.

Siku aliyofika, Zulma alisimama mbele ya kile kichaka, akakiri kwamba hajawahi kuona ruda kubwa namna hiyo, na kwamba kwao haioti kabisa. Kisha akaingia ndani na mizigo yake. Sasa, kila mtu anajua ukisifu kitu cha mwenzio unakigusa, ili jicho lako lisibaki pale. Ña Deolinda aliusubiri ule mkono. Mkono haukuja.

Wala hakumchukia. Miezi miwili waliishi vizuri tu, na kwa Noelia ndiyo kabisa, bibi alikuwa hajiwezi. Mtoto alilala kitandani kwake, akaenda naye sokoni, akawagawia wateja vitita vya mnanaa kwa mikono yote miwili kana kwamba anatoa sadaka kanisani.

Juni ruda ikaanza kugeuka njano, kuanzia majani ya chini. Kama angekuja mteja na malalamiko hayo, Ña Deolinda asingemwacha amalize kusema, angemjibu kwamba ni maji. Alishawajibu hivyo mamia ya watu. Ya kwake ilipougua, alilitazama jani la njano akaona jicho la mkwewe.

Asubuhi moja alimkuta Zulma amechuchumaa penye ruda, vidole vimezama udongoni.

"Mama, hapa chini pamelowa," Zulma alisema. "Naona maji ya mnanaa yanateremkia huku."

"Umekulia dimbwini halafu uje unifundishe mimi maji?"

"Sikufundishi, Mama. Nimeshika udongo tu."

"Na siku ile ulipoisifu, mbona hukuishika?"

Zulma alichelewa kuelewa. Alipoelewa, alisimama akajifuta mikono kwenye sketi.

Ña Deolinda angeishia hapo, tungesema ni hasira za mama mkwe. Lakini mdomo ulimwasha. Alimnong'oneza Ña Ramona, muuza ndimu wa meza ya pili, na kumnong'oneza Ña Ramona ni sawa na kutangaza kwenye redio. Jumamosi Zulma alipokwenda kununua mkate, mwanamke aliyekuwa mbele yake kwenye foleni alimfunika mtoto wake uso. Mwingine alitoa utepe mwekundu wa kukinga jicho akamfunga mtoto wake mkononi, papo hapo, huku akimtazama Zulma.

Alirudi bila mkate. Alimwomba mama mkwe wake, kwa heshima zote, aende akawaambie wale wanawake kwamba si kweli. Ña Deolinda aliendelea kutwanga. Alisema ruda ikichipua, atasema.

Katikati ya Julai Zulma alimfuata mumewe na mtoto wake mkononi. Noelia alikuwa akiuliza kwa nini bibi hapandi basi.

Ña Deolinda alikaa kusubiri ruda ifufuke, maana jicho limeshaondoka. Haikufufuka. Ilipofika mosi Agosti zilibaki fito kavu, na mwanamke aliyewauzia watu ruda tangu ujana wake alilazimika kuinunua kwa mchuuzi wa kupita. Aliwamiminia watu caña yao wakampa pole, wakamlaani yule mkwe. Pole zote alizipokea.

Kesho yake aling'oa kisiki. Kilikuja kwa mkono mmoja tu. Mizizi ilikuwa myeusi, imelainika, ikabambuka maganda vidoleni, na ilinuka kama mtaro wa maji machafu. Katikati yake ilijipenyeza mizizi ya mnanaa, minene, myeupe, yenye afya tele. Shimo lilijaa maji akiliangalia. Ña Deolinda alikaa chini palepale kwenye tope. Aibu ilimpanda hadi masikioni, kwa sababu hakukuwa na la kuuliza: bomba juu, ruda chini, na mkono uliohamisha mnanaa ni wake.

Simu ya Eladio iliingia mchana huohuo. Alisema Zulma anasafisha ngazi za jengo la watu, chumba wanacholala kina baridi ya kuua, na Noelia anakohoa na kumlilia bibi yake kila siku.

"Yuko tayari kurudi, Mama. Anataka neno moja tu. Waambie watu haikuwa yeye."

Ña Deolinda alikuwa na tope jeusi kwenye kucha. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na alilijua. Lakini akilini alimwona Ña Ramona akilipokea, akaliona soko zima likigeuza shingo. Akawaona wale wote aliowahi kuwacheka kwa kuinywesha ruda maji.

"Ruda haisemi uongo," alisema.

Nyuma ya Eladio ikasikika sauti ya mtoto ikiuliza kama huyo ni bibi.

"Hapana, mwanangu," Eladio alimjibu mtoto. "Nimekosea namba."