Dani Ameonja Tumbaku Yangu ya Kiko

Nani alinituma nimpelekee dani, nyanya yangu, tumbaku yangu aionje?

Nimeichanganya mwenyewe hapa Kondele, ya kuuza. Hakuna vanila, hakuna asali, ni majani tu. Nikaibeba hadi Kombewa, juu dani amevuta tangu usichana.

Kiko nilichomletea akaweka kando. Akasokota tumbaku na gazeti, akawasha, akaingiza upande wa moto mdomoni, vile wamama wa zamani huvuta.

"Dani, hivyo utaonja moto peke yake."

"Moto nimeusikia," akasema. "Tumbaku ndiyo sijasikia."

Sawa. Nikaomba pakiti yangu niende.

Kumbe ashaimwaga yote kwa kiota cha kuku, ati inafukuza chawa.

Kuku ameikalia, ametulia kabisa.

Sasa semeni, huyo nimhesabu mteja?