Siku Niliyompoteza Mama Mkwe Kando ya Sosiani

Mwaka huu, mwezi wa tatu, nilimpoteza mama mkwe wangu mchana kweupe.

Sisemi alikufa. Nasema alipotea. Sasa hivi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu, mara nikageuka nikakuta kiti kitupu na fimbo yake ya kutembelea haipo.

Na sikuona chochote, kwa sababu nilikuwa nimempa mgongo makusudi.

Kabla hujanitukana, ngoja nikueleze.

Naitwa Ondiek. Nyumbani ni Homa Bay, lakini kazi iliniangusha Eldoret na Eldoret ikanikubali. Tunakaa mtaa wa West Indies, mimi na mke wangu Lorraine, ambaye ni nesi. Mimi niko kwenye kiwanda cha maziwa, kelele za mashine wiki nzima, kwa hivyo Jumamosi nabeba darubini yangu naenda kando ya mto Sosiani kuangalia ndege.

Ndiyo, ndege. Marafiki wamenicheka hadi wakachoka. "Mzee mzima na ndevu zako, unafukuzana na ndege?" Sifukuzani nao. Nawaangalia tu na roho inatulia.

Sasa mwezi huo mama yake Lorraine, Mama Adoyo, alikuwa amekuja mjini kutibiwa goti. Alikuwa analala kwa mpwa wake huko Kiplombe, maana kwetu Waluo mama mkwe halali kwa nyumba ya mkwewe.

Na huo ni mwanzo tu. Mama mkwe humpi mkono. Huketi karibu naye. Na zaidi ya yote, huli mbele yake, naye hali mbele yako. Kumwangalia mama mkwe akitafuna ni aibu ya kumfanya mwanamume ahame kijiji.

Najua wengi wenu mmeacha. Mimi nililelewa na nyanya yangu, na nyanya hakuwa mtu wa kuacha vitu.

Mpango wa siku hiyo ulikuwa mzuri. Tungeenda watatu, Lorraine akae katikati, aongee na kila upande. Kumbe kuna nesi mwenzake alikuwa ameugua. Asubuhi Lorraine akapigiwa simu aingie kazini, wakati Mama Adoyo ameshavaa rinda lake la maua anangoja.

"Mpeleke tu," Lorraine akaniambia. "Ameshinda kwa nyumba wiki mzima akiangalia ukuta."

"Mimi na yeye peke yetu? Tutaongea nini?"

"Muonyeshe hizo ndege zako. Na Ondiek, usimuache hata kidogo. Hiyo goti yake unaijua."

Nikasema sawa. Ukiambiwa sawa na mwanamume mwenye wasiwasi, usiamini.

Mahali ninapopenda ni upande wa Kiplombe, pale mto unapopinda. Hussein na mkewe Zeinab wana kibanda cha aiskrimu hapo, na msimu wa jua watu hujaa na watoto wao. Siku hiyo jua lilikuwa kali sana, lile la mwisho kabla mvua haijaanza.

Zeinab ananijua. Akamletea Mama kiti, akamuuliza, "Mama karibu. Wewe ni mgeni wa nani?"

Mama akaelekeza fimbo upande wangu bila kuniangalia. "Wa huyo."

"Mgeni wa Ondiek hawezi kaa kwa jua hivi bila kitu baridi."

Kabla sijafungua mdomo, Zeinab ameshatushikisha koni mbili. Moja ya Mama, moja yangu.

Tukabaki hivyo. Mtu na mama mkwe wake, kila mmoja na aiskrimu yake, macho mtoni, na hakuna wa kulamba. Zeinab alituangalia kidogo, akatingisha kichwa, akarudi kwa wateja wake.

Nikafikiria nifanye jambo la heshima. Nikasogea mbele hadi kwenye nyasi za ukingo, nikampa Mama mgongo ili ale kwa raha. Yangu sikuila. Niliogopa ataona taya zangu zikicheza.

Ndipo mdiria akatokea. Yule mkubwa mwenye kifua cha kahawia, anayevua samaki. Alikuwa ametua kwenye tawi juu ya maji, na mtu wa ndege akimwona mdiria anajisahau. Nikainua darubini kwa mkono mmoja. Nikangoja. Akapiga mbizi, akatoka na samaki, akampigapiga kwenye tawi.

"Mama, umemwona?" nikauliza.

Kimya. Nikajua amejaza mdomo, nikaongeza muda kidogo.

"Mama?"

Nikageuka. Kiti kitupu.

Kwanza nilicheka peke yangu. Nikasema ameenda msalani. Nikaenda kwa Zeinab.

"Mama ako wapi?" nikamuuliza.

"Unaniuliza mimi? Si alikuwa na wewe?"

"Nilikuwa nimegeuka."

"Umegeuka ukiangalia nini?"

Nilizunguka kibanda, nikaenda choo cha nyuma nikabisha, akatoka mama mwingine kabisa akanikaripia. Nikauliza watu waliokuwa wamekaa kwenye mablanketi. Hakuna aliyeona mama mwenye fimbo.

Simu ikaita. Lorraine.

"Mama anafurahia?"

"Sana."

"Hebu mpe simu."

"Ameenda msalani."

"Na nani? Hawezi shuka ngazi peke yake."

"Na Zeinab."

Zeinab alikuwa amesimama mbele yangu akisikia kila neno. Nilipokata simu akaniambia, "Usiniweke kwa uongo yako. Twende tumtafute."

Wakati huo Hussein alikuwa ameshuka mtoni na ndoo kuchota maji ya kuoshea vyombo. Tukasikia akiita kwa sauti ambayo si yake ya kila siku.

"Ondiek, kuja uone hii maji."

Sosiani ilikuwa imebadilika rangi. Tulipofika na Mama yalikuwa maji ya kawaida, mawe yanaonekana. Sasa yalikuwa ya kahawia, yamebeba majani na vijiti, na jiwe ambalo huwa nakalia lilikuwa limebaki kichwa tu.

"Kumenyesha huko juu, Kaptagat," Hussein akasema. "Hapa jua, huko mvua. Hii itapanda mbio."

Mwenzangu, sikuwaza mambo makubwa. Niliwaza nikisimama mlangoni kwa Lorraine bila mama yake. Niliwaza matanga, wajomba wake wamekaa upande mmoja, na mmoja wao akiniuliza polepole, ulikuwa unaangalia nini?

Hussein akaenda upande wa juu. Mimi nikafuata mto upande wa chini, Zeinab nyuma yangu. Nikawa naita. "Mama. Mama Adoyo. Mama." Nikaita hadi sauti ikakwaruza. Nikisimama kusikiliza, nasikia maji tu.

"Labda amerudi barabarani," Zeinab akasema. Hata yeye hakuamini.

Ndipo nikaona yangeyange.

Hawa ndege weupe nimewaangalia miaka. Wana mahali pao kwenye matete, pale tulipokuwa tumeshapita, na wakishtuka huzunguka kisha wanarudi palepale. Siku hiyo walizunguka, wakashuka, wakakaribia kutua, wakaruka tena. Wakazunguka. Wakakataa tena.

Ndege akikataa kutua kwake, kuna mtu hapo. Mtu ama mbwa.

Nikainua darubini. Kwanza sikuona kitu ila majani yakiruka juu chini. Nikaegemea mti. Nikatafuta. Nikaona fimbo imekwama kwenye matope. Nikaona rinda la maua limening'inia kwenye kisiki, limepasuka toka juu hadi chini.

Halafu nikaona mkono umeshika mzizi.

Nilikimbia. Ukingo ulikuwa umebomoka, kipande kizima cha udongo kimeingia mtoni, na Mama Adoyo alikuwa chini yake, maji yamemfika kifuani. Kitambaa cha kichwa hakipo. Aliponiona alifunga macho.

"Ondiek, simama hapo hapo," akasema. "Geuka."

Nami nikageuka. Naapa mbele yenu, mwanamke anazama na mimi nikageuka.

"Sina nguo. Niitie mama wa aiskrimu."

Zeinab akafika akihema. Alivua shuka yake kubwa ya mabegani, akalala kifudifudi kwenye ukingo, akanyoosha mkono. Nilikuwa nawasikia tu.

"Nishike, mama."

"Haifiki."

"Jaribu tena."

"Mwanangu, haifiki."

Zeinab akanigeukia. "Ondiek, ingia."

"Asiingie," Mama akasema.

"Mama, hii maji itakuua."

"Asiingie na macho wazi."

Basi nikaingia nimefumba. Viatu na yote. Maji yalikuwa baridi na yalinisukuma nikapiga goti kwenye jiwe. Zeinab akawa ananiongoza kutoka juu. Mbele. Kulia. Hapana, kulia yako. Polepole, kuna shimo. Nilinyoosha mikono nikishika hewa.

Nikasikia mzizi ukikatika.

"Fungua macho, mjinga wewe," Zeinab akasema.

Nikafungua. Mama Adoyo alikuwa ameanza kwenda. Kichwa kilizama, kikatoka, kikazama. Nikajitupa. Nikamkamata chini ya kwapa, nikamvuta hadi kifuani pangu, mwanamke ambaye tangu nioe sijawahi kumpa mkono.

Hussein alikuwa ameshafika. Akaingia hadi magotini, akanishika mshipi, akavuta. Tukatoka wote, tumejaa matope. Zeinab akamfunika Mama kwa shuka kutoka kichwani hadi miguuni, akamkumbatia akimsugua mgongo.

Niliketi kando, nimegeuka. Nilikuwa nalia. Sikujali nani ananiona.

Alipoacha kukohoa nikauliza, bado nimegeuka. "Mama, hukunisikia nikikuita?"

Alifuta matope usoni.

"Nilikusikia," akasema.

"Wakati gani?"

"Tangu mara ya kwanza. Ulipita hapa juu ukiita. Niliona hadi viatu zako."

Nikageuka. Nikamwangalia usoni, jambo ambalo sijawahi kufanya, na nilikuwa na hasira ya kunitoboa kifua. "Na ukanyamaza?"

"Rinda lilishikwa na kisiki udongo ulipoanguka. Nilikuwa na petikoti. Mkwe wangu anione hivyo? Nikasema afadhali nitatoka mwenyewe. Halafu maji ikapanda."

"Lorraine ningemwambia nini?"

"Ungemwambia mama yake alikufa na heshima yake."

"Angenitupia hiyo heshima usoni."

Zeinab alinishika bega, ati nipunguze. Sikupunguza. "Na huku chini ulikuja kutafuta nini na goti hilo?"

Mama Adoyo akavuta shuka, akaficha mdomo.

"Nilikuona umesimama na aiskrimu yako, inakumwagikia mkono, na huwezi kula kwa sababu yangu. Nikasema wacha nitoke nimuachie nafasi, mtoto wa watu ale. Nami nikule yangu kwa matete."

Hasira yote iliisha hapo. Mimi nilimpa mgongo ili ale. Yeye akaondoka ili nile. Hakuna aliyemwambia mwenzake, na nusura tuite watu wa kuchimba kaburi.

Lorraine tulimwambia ukweli jioni hiyo, wote wawili. Alimwosha mama yake, akalia, kisha akatugombeza pamoja. Siku mbili hakuniongelesha.

Kabla Mama hajarudi nyumbani, nilienda Kiplombe kumuaga. Tuliketi mbali, kama desturi. Nikamwomba ruhusa niandike haya, nikamwambia na mkono bado sitampa, na chakula bado sitakula mbele yake. Hayo yote nitayashika.

"Lakini siku nyingine nikikuita, Mama, itika kwanza. Aibu tutagawana baadaye."

Alinyoosha goti lake polepole.

"Andika," akasema. "Na mimi nitaitika."

Ndugu msomaji, sikuambii utupe mila za kwenu. Zangu bado ninazo. Nakuomba tu, leo ukiwa na mtu unayemheshimu hadi mnaogopana, mtafute umwambie kwa mdomo wako: siku ya shida niite, hata ukiwa uchi. Usingoje nyote wawili mjue hivyo mtoni.