Boya la Mlingotini

Niliandika jina langu kwa mara ya kwanza mwaka 1971, nikiwa na umri wa miaka thelathini na minane, miezi minne baada ya kutoka eda. Wifi yangu wa Mlingotini, dada wa marehemu mume wangu, aliponiona na daftari la kisomo alinicheka mbele ya watu: "Wifi, wajifunza ili uwaandikie malaika majibu kaburini?" Neno lile nililiweka moyoni.

Mwaka 1974 mvua zilikataa. Mhandisi mmoja alitoka Dar es Salaam kuja kupanga ugawaji wa unga. Alitukusanya Bagamoyo, wanawake sita tuliohitimu kisomo, akatuchorea tangi la maji lenye boya. Maji yakipungua, boya hushuka na koki hufunguka. Yakijaa, koki hujifunga. Uchumi nao, alisema, uendeshwe hivyo hivyo, bila mtu kuomba wala kupendelewa. Boya ni sisi: kila Jumatatu tuulize kila nyumba kama unga upo, tuandike jibu, naye apeleke magunia palipopungua.

Mlingotini ilikuwa yangu.

Mhandisi hakujua kwamba kwetu mwungwana haulizwi njaa yake akaikiri, sitara kwanza. Mimi nilijua. Jumatatu ya kwanza ya Shaaban nilimkuta wifi uani, mafiga baridi, kinu kimelazwa. Baada ya salamu nilimwuliza kama unga upo. Alijitanda kanga vizuri.

"Upo, alhamdulillahi."

Nikaandika: upo. Nyumba zote zilijibu hivyo, nami niliziandika hivyo, wiki nne mfululizo, kwa hati safi. Lori la unga lilishusha Kerege, likaipita njia panda ya Mlingotini bila kupunguza mwendo.

Katikati ya Ramadhani wifi alikuja kwa miguu hadi ofisi ya mhandisi Bagamoyo, akanikuta nami nipo. Yeye na wanawe walikuwa wamekwisha kula mbegu ya mahindi. Mhandisi alimwonyesha karatasi zangu: tangi limejaa. Wifi akanigeukia.

"Wifi, uliliona jiko langu."

"Fomu haikuwa na nafasi ya jiko."

Mhandisi alirekebisha mpango, na unga ukafika baada ya Idi. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na wifi hakuwa na cha kupanda. Msimu ule alilima shamba langu kwa ujira wa chakula. Jioni ya kwanza, alipokula matonge mawili, nilimwuliza kama ameshiba.

"Alhamdulillahi," alisema.

Nikaondoa sahani.