Vita Ukutani kwa Mshonaji

Mshonaji aliwapenda nyuki wale kwa sababu hawakuwa na mwiba. Weusi, wadogo kuliko nzi, walijaa ndani ya ufa wa ukuta wa chumba chake cha kushonea, wakiingia na kutoka kwa kijimrija cha nta. Mdomoni pake hawakukosekana walinzi wanne watano, na jioni ikifika walikiziba.

Wiki ile kundi geni lilikuja kuwapora. Siku tatu mfululizo walipigana dirishani, kando ya ule ufa. Walikamatana wawili wawili kwa taya, wakadondoka, wakafa bila mmoja kumwachia mwenzake. Kila asubuhi mshonaji alifagia maiti kama ufuta uliomwagika.

Siku ya tatu, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliingia na sururu.

"Shemeji, nilikwambia uhame. Nyumba ya kaka yangu hii."

"Kaka yako aliniandikia mimi. Hati iko kwa wakili."

"Hati haizuii sururu."

Akaupiga ukuta. Ufa ukapasuka, vyungu vidogo vya nta vikabomoka, asali ikachuruzika mpaka sakafuni. Nyuki, wenyeji kwa wageni, wakamvaa: nyweleni, kwenye nyusi, masikioni, puani. Hawachomi, wanang'ata, na wakishika hawabanduki. Shemeji akawa kama kichaa, anajipiga makofi, kisha akaizungusha sururu bila kuona. Mpini ulimpata mshonaji begani. Mfupa ukalia ko, akaanguka chini ya cherehani.

"Umewatuma wewe," shemeji alisema, akamkanyaga mbavu. Akamkanyaga tena.

Pasi ya mkaa ilikuwa imewaka, karibu na mkono wake mzima. Mshonaji akaikamata, akamgandamizia kwenye muundi, akaishikilia hapo hata alipousikia moshi wa nyama. Fundi baiskeli wa jirani alipofika, alimkuta shemeji anatambaa mlangoni, macho yamevimba, na mshonaji bado ameshika pasi.

"Iachie, dada. Anaondoka."

Shemeji alifungwa miaka miwili. Kutoka ukutani fundi baiskeli aliokota malkia aliyepondeka, na nyuki waliobaki wakatawanyika ndani ya juma. Mshonaji aliziba tundu kwa saruji, mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Wa kulia haupandi tena kupita kifua. Wateja wakiuliza, huwajibu, "Mfupa uliunga vibaya. Inama kidogo, nikupime shingo."