Makaa ya Adut

Mwaka 2012 Adut Bior alikuwa na kuku sitini nyuma ya nyumba yake katika kambi ya Kakuma. Walipokohoa aliwatilia antibiotiki majini, na mbolea yao ikaenda kwenye mchicha aliomlisha mwanawe Nhial. Mimi, afisa wa kilimo kutoka mji wa Lodwar, nilipomweleza kwamba sehemu ya dawa hiyo hutoka na kinyesi, na vijidudu vya humo huizoea hadi isiviue tena, aliuliza afanye nini.

Nilimfundisha kuchoma matawi ya mathenge, mti wa miiba uliojaa huko, katika pipa lenye hewa kidogo, kuyasaga makaa, kisha kuyachanganya na kinyesi kabla ya kukiozesha. Makaa hunasa sehemu ya dawa. Si yote, nilimwambia. Nikarudi Lodwar. Sikuufikiria moshi.

Kakuma, kuchoma makaa ni kazi ya Waturkana, wenyeji wa hapo; mkimbizi hununua. Akal Nangiro, aliyepita kila asubuhi na gunia la makaa ya kuuza kichwani, aliuona moshi wa Adut mara tatu. Mara ya nne, Machi 2013, akaja na wenzake wanne. Siku hiyo nilikuwapo.

“Ejok,” alisalimu kwa Kiturkana bila kuketi. “Makaa unauzia nani?”

“Siuzi, mama,” Adut alijibu. “Ni ya mbolea.”

“Mbolea inapika chai?”

Wenzake wakacheka. Mmoja akalishika pipa; walikuwa wamekuja kulichukua. Nilipoanza kueleza habari za dawa, Akal alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani. “Na wewe wa ofisi, unapewa gunia ngapi?”

Sikuudhika. Asubuhi ile nami nilikuwa nimejiuliza mbona makaa aliyoyasaga Adut yalikuwa mengi kuliko yanayoweza kuingia katika lundo la mbolea nililoliona.

Adut alikwenda kwenye lundo. Alipiga magoti akafukua. Nililoliona lilikuwa kilele tu; chini yake lundo lilijaza shimo lenye kina cha kufika mapajani. Akatoa donge la makaa na kinyesi, likifuka mvuke, akamwekea Akal kiganjani.

Akal alilivunja, akalinusa. “Hii hata shetani hawezi kuwasha.”

Lakini hakuamini kwamba kesho Adut hangeuza. Wakapatana: pipa liondoke, na Akal alete chenga za makaa za chini ya magunia, ambazo hakuna anayezinunua. Atazileta mwenyewe, na hataondoka hadi zilowe kinyesini, zisifae kuwashwa.

Tangu hapo, kila Jumatatu Akal husimama kando ya shimo, mikono kiunoni, akimtazama Adut akichanganya.

“Koroga tena,” husema. “Pale pembeni naona kavu.”